Spika mpya kwa redio ileile ya gari: soma desibeli kabla ya wati

Spika iliyoandikwa wati 500 kwenye boksi inaweza kutoa sauti ndogo kuliko ile nyepesi ya karatasi iliyokuja na Premio au IST kutoka Japani, hata kama si feki. Wengi hugundua hivyo wakati hela imeshatoka, mlango umeshafungwa na fundi ameshaondoka. Sababu yake inaeleweka vizuri, na ukiielewa kabla ya kwenda dukani utanunua kitu tofauti kabisa na kile ambacho muuzaji atakutolea kwanza.

Itazame spika ya kiwandani ikishatoka mlangoni. Fremu ni ya plastiki, sumaku ni ndogo, koni ni karatasi nyembamba. Inaonekana duni, na kwa upande wa besi ni duni kweli. Ila wahandisi waliifanya nyepesi kwa makusudi, maana redio ya gari ina nguvu kidogo, na koni nyepesi husukumika kwa nguvu kidogo. Spika nzito iliyoundwa kwa ajili ya amplifaya ina koni nene, raba ngumu na koili kubwa. Ukiiunganisha na redio ya kawaida, nguvu ya kuiamsha haipo. Kwa hiyo nasema wazi tangu mwanzo: kama huna mpango wa kuweka amplifaya, acha kununua wati. Nunua sensitiviti, yaani uwezo wa spika kutoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo, na hela inayobaki iweke kwenye mlango wenyewe.

Wati 50 mara 4 ni za nani?

Karibu kila redio imeandikwa 50W x 4 usoni. Hesabu yake ni fupi. Injini ikiwa inawaka, umeme wa gari huwa takriban volti 14.4. Ndani ya redio za kawaida hakuna kifaa cha kupandisha volti hizo, hivyo kilele cha umeme kinachoweza kuifikia spika ni hizohizo 14.4. Wimbi safi lenye kilele hicho ni sawa na volti 10.2 za RMS (kipimo cha nguvu inayodumu, si ya kilele). Zidisha 10.2 kwa 10.2, gawa kwa omu 4 (ukinzani wa kawaida wa spika ya gari), unapata wati 26. Hapo ndipo mwisho wa nadharia. Ukiondoa kinachopotea ndani ya IC yenyewe (chipu ya redio inayokuza sauti), sauti safi inayobaki ni kama wati 15 hadi 22 kwa kila spika.

Zile 50 hupatikana kwa kuzidisha 14.4 kwa 14.4 na kugawa kwa 4, ambayo ni karibu 52. Hiyo ni nguvu ya wimbi lililokatwa juu na chini mpaka likawa la mraba, yaani sauti iliyokwisha kupasuka. Hakuna anayesikiliza muziki hivyo kwa raha.

Skrini za Android kutoka China hazikwepi hesabu hii. Zinanunuliwa sana kwa sababu redio za Kijapani zinaishia FM 90, au 95 kwa mpya, wakati stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Nyingi zina IC ya TDA7388 au TDA7850. Karatasi za kiwanda za IC hizo zinataja wati 26 na wati 30 kwa chaneli kwenye omu 4, tena sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10. Ukikuta redio iliyopimwa kwa kanuni ya Marekani ya CEA-2006, ambayo sasa inaitwa CTA-2006, iamini namba yake zaidi, kwa kuwa hupimwa kwa volti 14.4, omu 4 na uharibifu usiozidi asilimia 1. Hapo utaona namba za kweli kama wati 14, 18 au 22.

Basi unachagua spika itakayolishwa wati 18 hivi. Namba za MAX na PEAK kwenye boksi hazina kazi kwako. Hata RMS haikuambii sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Inakuambia spika inavumilia joto la wati ngapi bila koili kuungua. Spika ya RMS 40 hadi 60 inatosha kabisa.

Namba yenye maana

Sensitiviti ni kiasi cha sauti kinachopimwa mita moja mbele ya spika inayolishwa wati moja, na huandikwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuiongezea redio nguvu mara mbili. Linganisha spika mbili, moja ya 92 na nyingine ya 86. Tofauti ya desibeli 6 maana yake ile ya 86 inahitaji nguvu mara nne ili zilingane. Redio yenye wati 18 ingebidi iwe na wati 72, na tumeshaona kwamba hazipo. Kwa redio isiyo na amplifaya, tafuta 90 kwenda juu. Chini ya 88 iache, hata kama sumaku yake ni kubwa na muuzaji anakupimisha uzito wake mkononi.

Ila kuna mtego. Viwanda vingine hupima kwa wati 1, vingine kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1 kamili. Kwenye omu 4 ni wati 2, kwa hiyo spika imeongezewa desibeli 3 za bure. Kwenye omu 3 zinakuwa karibu wati 2.7, yaani zaidi ya desibeli 4. Ukiona 93 dB na pembeni pameandikwa 2.83V kwa spika ya omu 4, hesabu 90 kabla ya kuilinganisha na ile ya 1W/1m. Boksi lisilosema namba imepimwaje, wala halitaji RMS, lirudishe kwenye rafu.

Angalia pia omu. Redio nyingi zimeundwa kwa omu 4. Baadhi ya spika za JBL na Infinity ni za omu 3 au 2, kwa hoja kwamba nyaya nyembamba za kiwandani zina ukinzani wake na jumla itakaribia kawaida. Omu 3 kwa redio nyingi ni salama, na huvuta nguvu kidogo zaidi, jambo zuri kwako. Omu 2 iweke tu kama kitabu cha redio kinairuhusu, la sivyo IC itachemka na redio itajizima kila ukiongeza sauti.

Gari lenye mfumo wa Bose au JBL kutoka kiwandani ni habari nyingine. Mifumo hiyo ina amplifaya yake iliyofichwa, na spika zake mara nyingi ni za omu 2 au chini ya hapo. Mtu akizitoa na kuweka za omu 4, nguvu inashuka nusu au zaidi, halafu analaumu spika mpya. Kabla ya kununua chochote, chomoa spika moja na upime kwa mita kwenye alama ya omu. Spika ya omu 4 husoma takriban 3.2 hadi 3.8, ya omu 2 husoma kati ya 1.5 na 1.9. Kama yako inasoma chini ya 2, ama utafute spika mbadala za omu hizohizo, ama uondoe amplifaya ya kiwandani pia na kuanza upya.

Kipimo cha shimo, na cha nyuma ya shimo

Toyota nyingi zinazoingia kwetu zina spika za inchi 6.5 kwenye milango ya mbele, zile ambazo maboksi ya Kijapani huziita 16 au 17 sentimita. Kosa la kawaida ni kudhani kuwa inchi 6.5 mpya itakaa moja kwa moja. Spika ya kiwandani imeumbwa pamoja na pete nene ya plastiki inayoisogeza mbele, mbali na kioo. Mpya ni bapa. Ukiifunga kwenye bati bila pete, sumaku inaingia ndani zaidi, na siku dirisha litakaposhuka hadi mwisho kioo kinagonga sumaku. Sumaku haivunjiki.

Pima hivi: shusha kioo mpaka chini kabisa, weka rula au waya ulionyooka kutoka uso wa bati hadi kwenye kioo, kisha toa milimita 5 za usalama. Hicho ndicho kina ulichonacho bila pete. Ongeza unene wa pete, kisha linganisha jumla yake na kina cha kufungia kilichoandikwa kwenye boksi la spika. Kisha pima upande wa mbele, kutoka bati hadi nyuma ya wavu wa paneli ya mlango. Spika nyingi za pande mbili zina twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) iliyochomoza katikati, nayo hugusa wavu pete ikiwa nene mno. Kwa kawaida pete ya milimita 18 hadi 25 inaridhisha pande zote mbili, lakini amini rula yako.

Pete ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ni rahisi kukata, na ndiyo inayopatikana kwa mafundi wengi. Tatizo lake ni maji. Ndani ya mlango huingia maji kila mvua inaponyesha, na MDF isiyopakwa kitu hunywa, huvimba, kisha skrubu hazishiki. Ukilazimika kuitumia, ipake vanishi au resini pande zote, pamoja na ndani ya matundu ya skrubu. Plaiwudi ya baharini ni bora zaidi. Bora kuliko zote kwa bei ndogo ni plastiki ngumu: ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama hukatika vizuri kwa msumeno wa jigi na hauozi. Pete za plastiki zilizotengenezwa tayari kwa Toyota zipo pia, lakini chagua zisizonepa ukizikunja kwa vidole.

Ya pande mbili au ya vipande?

Spika ya pande mbili ina twita katikati ya koni. Ya vipande huja na wufa (spika ya besi) ya mlangoni, twita peke yake na krosova ya kugawa sauti. Ya vipande husikika vizuri zaidi kwa sababu twita inakaa juu, karibu na masikio, badala ya kupigia muziki magotini. Usiogopeshwe na ugumu wake ikiwa gari lako tayari lina nafasi ya twita kwenye pembetatu ya kioo cha pembeni au juu ya dashibodi.

Kuna hali moja inayoharibu sauti katika magari mengi. Gari lina twita ya kiwandani kwenye dashibodi, mwenye gari anafunga spika ya pande mbili mlangoni, na twita ya zamani inaachwa ikiwaka. Sasa kila upande una twita mbili zinazoimba sauti ileile kutoka sehemu mbili tofauti. Sauti inakuwa kali, herufi s inachoma, na mtu anapunguza trebo hadi mwisho bila kupona. Chomoa moja. Kwa kawaida ile ya zamani ndiyo ya kuchomoa, lakini fuatilia waya kwanza, maana katika baadhi ya magari umeme wa spika ya mlangoni hupitia kwenye plagi ya twita, na ukiichomoa tu mlango mzima unanyamaza. Hapo unganisha waya ndani ya plagi hiyo ili njia iendelee.

Twita ya kiwandani ina kapasita ndogo mgongoni inayozuia besi. Ukibadilisha twita peke yake, hakikisha mpya ina ya kwake. Hesabu ni 1 gawa kwa 2 mara pai mara omu mara faradi: mikrofaradi 4.7 kwenye omu 4 hukata sauti zilizo chini ya takriban Hz 8,500, mikrofaradi 10 hukata zilizo chini ya takriban Hz 4,000. Kwa twita ndogo anza na 4.7. Iwe kapasita isiyo na chanya na hasi, kwani ile ya kawaida yenye alama ya hasi itaharibika. Twita iliyounganishwa bila kapasita huungua mara tu ukiongeza sauti, na hakuna fundi atakayeifufua.

Twita isishikizwe kwa gundi ya bunduki. Dashibodi iliyoegeshwa juani Dar au Mombasa hupata joto la kutosha kuilainisha gundi hiyo, na jioni utaikuta twita inaning'inia kwa waya. Tumia kibano chake, au epoksi. Krosova nayo isikae chini ndani ya mlango ambako maji hupita. Ifunge nyuma ya dashibodi au chini ya zulia la mbele, pakavu.

Hali ya hewa inachagua pia

Ukingo wa koni ukiwa wa sponji, joto na unyevu wa pwani huula. Unaanza kunata, kisha unakatika kama keki kavu, na koni inaning'inia. Kwa hiyo spika za mtumba kutoka Japani ziangaliwe ukingo kabla ya jina. Nyingine zilikuwa spika nzuri sana, lakini zimekaa miaka mingi. Bonyeza ukingo kwa ncha ya kidole: raba hurudi, sponji iliyochoka huacha alama au unga. Chagua ukingo wa raba. Koni ya polipropilini haijali maji. Koni ya karatasi iliyotiwa dawa ni nyepesi na mara nyingi ina sensitiviti nzuri, ila ihakikishiwe kinga ya maji ninayoieleza huko chini. Fremu ya bati isiyopakwa rangi vizuri itashika kutu karibu na bahari, hasa pale skrubu inapokwangua, kwa hiyo tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na mita na simu. Pima omu za spika zote mbili kabla hazijafungwa. Zikitofautiana kwa zaidi ya omu 0.2, omba jozi nyingine. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili pande zinazokabiliana, ili isiende upande. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Omba ipigwe na redio ya kawaida ya pale dukani, si kwa ile amplifaya kubwa iliyo ukutani, kwa sababu kwa amplifaya hiyo kila spika ni nzuri. Cheza sauti ya mtu peke yake kwanza, kaswida au taarabu yenye mwimbaji mbele. Besi hudanganya, sauti ya mtu haidanganyi. Kwa feki, angalia kama namba ya modeli kwenye boksi, kwenye sumaku na kwenye tovuti ya kiwanda ni moja, na kama kina na RMS vinalingana.

Kufungua mlango

Anza kwa kuchomoa hasi ya betri na kusubiri dakika chache, maana baadhi ya magari yana mifumo ya eabegi karibu na milango. Magari mapya mengine yana kihisi cha mgandamizo ndani ya mlango kinachotegemea mlango ubaki umezibwa, kwa hiyo usitoboe matundu mapya kwenye bati la ndani.

Kwa Toyota nyingi utaratibu ni huu. Bandua pembetatu ya plastiki ya kioo cha pembeni. Toa skrubu iliyo nyuma ya kishikio cha kufungulia, chini ya kifuniko kidogo, na nyingine ndani ya shimo la kuvutia mlango. Nyanyua paneli ya swichi za madirisha na uchomoe plagi yake. Kisha ingiza kibanduo cha plastiki chini ya paneli na uachie klipu moja baada ya nyingine, halafu nyanyua paneli yote juu ili itoke kwenye ukingo wa dirisha. Bisibisi ya chuma huacha makovu na huvunja klipu. Nunua klipu kadhaa za akiba mapema, kwa sababu klipu iliyovunjika ndiyo itakayopiga kelele baadaye.

Spika ya kiwandani imeshikwa na ribiti. Toboa vichwa vyake kwa keekee ya milimita 5 au 6, polepole, ukishika spika isizunguke. Bandika tepu chini yake na ufyonze vumbi lote la chuma kabla ya kuitoa spika mpya kwenye boksi. Vumbi hilo hukimbilia sumaku, huingia kwenye pengo la koili, na mkwaruzo wake hautoki tena.

Nyaya za kiwandani ziache. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, mita 3 kwenda na 3 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.2, na hasara yake haifiki nusu desibeli. Waya mnene wa bei rahisi mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, unaooza haraka pwani. Utumie waya mpya pale tu unapoweka amplifaya. Viungo vibanwe kwa kiungio au kuchomelewa risasi, kisha kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Tepu nyeusi ndani ya mlango huachia kwa joto.

Kama unagusa plagi ya nyuma ya redio, fahamu rangi za Toyota. Kwenye plagi ya pini 10, bluu yenye njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni umeme wa swichi, kahawia ni bodi (hasi ya gari), kijani ni taa. Waridi na zambarau ni spika ya mbele kushoto, kijani mpauko na bluu ni mbele kulia. Kwenye ya pini 6, nyeusi na njano ni nyuma kushoto, nyekundu na nyeupe ni nyuma kulia, na katika kila jozi niliyotaja ya kwanza ni chanya. Tazama hatari iliyopo: nyeusi hapa si bodi na nyekundu si umeme. Fundi anayekwenda kwa mazoea huunganisha nyekundu na betri, na spika inaungua palepale. Magari hutofautiana, basi thibitisha kwa mita. Na hasi ya spika isiguse bodi kamwe, wala hasi za spika mbili zisiunganishwe, kwa sababu pande zote mbili za waya zina umeme wa redio na IC itakufa.

Ili kujua chanya ya spika isiyo na alama, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea ingawa kila spika peke yake inasikika sawa. Fundi wengi hukosea hapa kuliko kwingine kokote.

Mlango ni boksi la spika

Hapa ndipo hela ndogo inafanya kazi kubwa. Koni inapokwenda mbele inasukuma hewa ndani ya gari, na wakati huohuo inavuta hewa iliyo nyuma yake. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia mwanya wa pembeni ya pete, besi hujifuta yenyewe. Spika ya bei kubwa yenye mwanya wa milimita chache hushindwa na ya bei ya kati iliyozibwa vizuri.

Weka sponji ya seli zilizofungwa, ile isiyonywa maji, kati ya bati na pete, na nyingine kati ya pete na spika. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili fremu isipinde. Kisha zungushia spika ukingo wa sponji mbele, unaofika hadi kwenye wavu wa paneli, ili sauti itoke ndani ya gari na si kupotelea nyuma ya plastiki.

Kwenye bati la nje, mkabala na mgongo wa spika, safisha kwa spiriti na ubandike karatasi ya butili (mpira laini unaonata) yenye aluminiamu, unene wa milimita 2, kipande cha kama sentimita 30 kwa 30. Kikandamize kwa rola mpaka alama za aluminiamu zilale. Ongeza vipande vingine pale bati linapolia ukiligonga kwa kidole. Kufunika robo ya eneo lake kunatosha kunyamazisha mlio, na zaidi ya hapo unaongeza uzito kwenye bawaba. Usitumie ile ya lami inayozibia mapaa, kwani juani hulainika, huteleza na gari hunuka kwa miezi. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi.

Ile nailoni iliyobandikwa kwenye bati la ndani si takataka. Maji yanayoteremka kwenye kioo hupita nyuma yake na kutokea chini. Ikichanwa na kuachwa, zulia litalowa na mwenye gari atadhani sakafu imetoboka. Irudishe, na gundi yake ikiwa imekufa weka uzi mpya wa butili. Juu ya spika, upande wa ndani, bandika ukingo wa plastiki unaoyaelekeza maji mbali na sumaku. Vikombe vya sponji vinavyoifunika spika yote nyuma vinazuia maji, lakini pia vinaibana hewa na kuua besi. Ukivitumia, kata sehemu ya chini iwe wazi.

Baada ya kufunga

Spika za nyuma ziache za kiwandani, na uelekeze sauti mbele kidogo kwenye redio. Jozi moja nzuri mbele inafaa kuliko jozi mbili za kati, na abiria wa nyuma hawatakosa muziki.

Kwenye redio zima loudness (kitufe cha kukuza besi na trebo) na besi zote za kuongezwa, kisha, kama kipo, washa kichujio cha kukata sauti za chini kwenye Hz 80 au 100. Koni huhitaji kusafiri mara nne zaidi kila unaposhuka oktava moja (yaani Hz zikipungua nusu) kwa sauti ileile, na inchi 6.5 haiwezi kazi hiyo kwa wati 18. Ukiipunguzia mzigo huo, besi iliyobaki inakuwa kavu na sauti za watu zinafunguka. Redio isiyo na kichujio inasaidiwa na kapasita ya mikrofaradi 220 isiyo na chanya na hasi, ikiunganishwa kwenye waya wa chanya wa spika ndogo za nyuma, ambapo hukata karibu Hz 180.

Ongeza sauti polepole kwa wimbo uliousikiliza mwaka mzima, na pale ngoma zinapoanza kupoteza ncha na sauti kuanza kupasuka, rudi hatua mbili. Huo ndio mwisho wa redio yako, na kuupita ndiko kunakounguza twita. Katika baadhi ya magari mapya, redio ya kiwandani yenyewe hupunguza besi kadiri unavyoongeza sauti ili kulinda spika zake za zamani. Spika mpya haziwezi kubadilisha hilo.

Baada ya wiki mbili tatu za barabara ya vumbi, kaza skrubu tena. Ukisikia mlio wa plastiki kwenye besi, bana paneli kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine wakati wimbo unapiga. Mlio ukikoma, weka sponji nyembamba chini ya klipu iliyo karibu na hapo. Usipokoma, fungua tena na uvishe sponji fimbo ya kufuli na plagi za waya zinazoning'inia ndani ya mlango.